Zile Picha za Kitabu na Uji

Wakesho mama,

Umeenda Maungu kumuaga shangazi yako, na kwa vile namjua, hatakuachilia upande gari kabla hujala mara mbili na kuombewa mara tatu. Kwa hivyo nina mchana wote. Nimekaa hapa mezani, feni inazunguka bila kuleta upepo wowote, joto limenikalia kichwani, na nimechoka. Nakuambia mapema kwamba nimechoka ili usije ukasoma haya ukadhani nina hasira na wewe. Hasira ilikuwa wiki iliyopita. Sasa hivi ni uchovu tu.

Mambo ya nguo za baridi, ya kufunga mlango, ya kuangalia mzigo wako kwenye treni, hayo sitakuandikia. Umri wako si wa kukumbushwa sweta. Kesho asubuhi unaenda Nairobi kuanza kazi, na kati yetu kuna jambo moja tu ambalo halijakaa sawa. Unalijua. Uliniomba zile picha nikakataa.

Tena nikakataa vibaya. Ulikuwa umesimama mlangoni na ndoo mkononi, ukaniambia kwa upole, "Mama, kampuni inataka kurudisha kile kipindi cha tivi, Kitabu na Uji. Wanataka waanze na vitabu vyako. Nimewaambia picha zenyewe ziko nyumbani, chini ya kitanda chako." Nami nikakujibu bila hata kugeuza shingo, "Zitatoka siku mtakayonitoa mimi." Ukaweka ndoo chini, ukasema, "Sawa, mama," na tangu siku hiyo hujazitaja. Unanisalimia, unanitilia chai, unanicheka nikitafuta miwani ambayo nimeivaa. Lakini hilo hujaligusa. Na mimi najua ulishawaahidi. Najua siku ya kwanza kazini kuna mtu atakuuliza ziko wapi, nawe utabaki unaangalia viatu vyako.

Ningekwambia haya kwa mdomo, lakini mdomo wangu ni wa mwalimu. Nikianza kueleza, baada ya dakika mbili natoa amri. Kwenye karatasi angalau naweza kufuta.

Ulikuwa mdogo, kwa hivyo Kitabu na Uji unakijua zaidi kwa kusimuliwa, na watu hukisimulia kwa raha kuliko kilivyokuwa. Kilianzia kwenye nasari yetu kule Marungu, kwa sababu ya theluji. Tulikuwa tumeletewa maboksi ya vitabu na wafadhili, vizuri sana, vyenye rangi, na karibu kila kimoja kilikuwa na watoto wamevaa makoti wanacheza kwenye theluji. Siku moja nikaulizwa theluji ni nini. Nikasema ni barafu inayoanguka kutoka mbinguni. Aka! Mtoto mmoja akalia, akafunika kichwa, hakutaka kutoka nje hata kwenda choo, na mama yake alikuja jioni kuniuliza nimemfundisha nini mtoto wa wenyewe.

Ndipo nikaanza kuchora. Nilichukua makatoni ya sabuni kutoka dukani, nikayafungua, nikayapaka rangi iliyobaki walipopaka darasa. Nikachora mbuzi aliyekataa kuvuka reli. Nikachora ndovu aliyekuja kuomba maji kwenye tangi la shule badala ya kulivunja. Nikachora lori lililolala Maungu kwa sababu dereva alipoteza kiatu kimoja na hakutaka kuingia Mombasa na kimoja. Haikuwa sanaa. Yule ndovu wa kwanza, baba yako aliniuliza kama ni tanuri la makaa.

Lakini watoto walikuwa wanaangalia, mama. Walikuwa wanaangalia kweli. Nilikuwa naishika katoni kifuani, nasoma maneno yaliyoko nyuma, halafu nataka kuibadilisha, na wao wanapiga kelele, "Bado!" Kwanza nilidhani ni utundu. Baadaye nikaelewa kwamba maneno yalikuwa yamekwisha lakini picha haijaisha. Mkorofi mkubwa ulikuwa wewe. Wenzako walikuwa wameshamaliza, wameshaanza kuchunana, wewe ungali unaangalia kwato. Nikibadilisha kabla hujamaliza, ulikuwa unakaa chini sakafuni ukigoma kama mzee wa kesi. Basi nikaweka desturi, na darasa zima likaifuata: picha haibadilishwi mpaka Wakesho ainue kichwa.

Bi Saumu alikuja kwa ajili ya ndovu. Ile stesheni ndogo ya tivi ya Mombasa alikokuwa akitengeneza vipindi ilimtuma kupiga picha za mashamba yaliyoharibiwa, ndovu hawakutokea, jua likamchoma, akaomba kivuli darasani kwetu. Akakaa kwenye kiti cha mtoto, buibui lake limejaa vumbi la Marungu, akatazama nikisoma lile lori mwanzo hadi mwisho. Nilipomaliza akaniambia kwa kile Kiswahili chake kizuri, "Mwalimu, nakuomba unisomee tena. Na yule binti asiondoke, maana naona yeye ndiye anayeendesha."

Hivyo ndivyo kilivyoanza, hakuna siri nyingine. Nusu saa, asubuhi, wakati watoto wanakunywa uji kabla ya kwenda nasari. Vitabu vitatu kwa siku: kimoja nakisoma mimi, kimoja kinaimbwa, kimoja kinatoka kwa mwalimu mwingine. Maana walimu walianza kuleta vya kwao, kutoka Wundanyi, kutoka Taveta, hata Kilifi, na mchapishaji mmoja wa Mombasa akakubali kuvichapisha vile vilivyopendwa, nakala chache zilizoishia mikononi mwa watoto. Kamera iliwekwa juu, ikitazama meza. Kilichoonekana ni picha na mkono wangu tu. Walinipaka poda mkononi using'ae. Na wewe ulikaa kwenye stuli upande wa pili wa meza, nje ya picha, unaangalia. Ukiinua kichwa, nafungua ukurasa. Ikiwa hujainua, watoto wote wa pwani nzima wanakungoja na hawajui.

Kimya hicho ndicho kilikuwa kipindi. Bi Saumu alilielewa hilo kuliko mimi. Fundi wa sauti akilalamika kwamba hakuna kinachosikika, alimwambia, "Kinachosikika kiko kwenye nyumba za watu." Na ni kweli. Siku moja hapa sokoni Voi nilikuwa nachagua nyanya, mtoto nisiyemjua akanishika kidole akamwambia mamake, "Huu ni mkono wa kitabu." Uso wangu hakuutazama hata kidogo. Mamake alitaka kumchapa kwa kukosa adabu, nikamzuia. Nilitembea mpaka stendi nikiwa nimefurahi kijinga, nikasahau nyanya zenyewe.

Hapo ndipo penye ubaya wangu, mama. Niliupenda ule mkono. Nilikuwa mwalimu wa nasari, watu wanadhani kazi yangu ni kufuta makamasi, mara naitwa "Mwalimu wa tivi" kwenye harusi na kukaribishwa meza ya mbele. Nilianza kuupaka mafuta ya bei. Unacheka, lakini niliupaka.

Bi Saumu akastaafu. Aliyekuja alikuwa kijana mwenye heshima, na simsingizii, hakuwa mtu mbaya. Aliniita ofisini akaniambia, "Mwalimu, picha isiposogea mtu anadhani tivi imeharibika. Tufungue haraka kidogo." Haraka kidogo tu. Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa na sababu zote mdomoni, nilizijua kuliko yeye, ningemwambia aje Marungu akae kwenye kiti kidogo aone. Nikasema, "Hakuna shida." Nilitoka mle ofisini nikijiambia kwamba nawalinda walimu wengine, kwamba nikigoma vitabu vyao vitakosa mahali. Ilikuwa kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba sikutaka kurudi kuwa mtu wa makamasi.

Kinachofuata ulikuwepo, kwa hivyo sikisimulii kama habari. Nilifungua ukurasa hujainua kichwa. Ukasema, "Bado!" Wakasimamisha kamera. Tukaanza upya, nikafungua tena, ukasema tena, kwa sauti kubwa zaidi. Mara ya tatu fundi akapumua kwa nguvu, nami nikaona aibu, aibu ya mtoto wangu mbele ya watu wa stesheni. Nikakushika mkono nikakutoa nje, nikakukalisha kwa askari wa lango. Alikupa mahamri. Niliporudi kukuchukua ulikuwa hujayala, umeyashika tu, mafuta yameshachafua gauni. Hukulia. Ulisema hutaki kuja tena Mombasa, unataka kubaki na baba shambani mkilinda ndengu. Ulikuwa na miaka mitano, nami nilishukuru kwamba hukulia. Nilidhani mtoto asipolia basi yamekwisha.

Hukukaa na mimi tena kwenye kitabu. Ulisoma peke yako, uvunguni mwa meza, na nikikaribia unafunga.

Kipindi chenyewe kiliendelea kwa muda, lakini mimi naona kiliisha siku ile. Kurasa zilienda mbio. Halafu wakaleta kikaragosi cha kucheka katikati ya hadithi, kwa sababu watoto walikuwa wameacha kutulia, na hakuna aliyetaka kusema kwa nini wameacha. Halafu nyimbo zikala nafasi ya vitabu, matangazo ya biskuti yakala nafasi ya nyimbo, mpaka kitabu kikawa kitu cha kuonyeshwa mwanzoni, kinapungiwa mkono, basi. Mkono wangu haukuhitajika. Mwishowe asubuhi moja watu waliwasha tivi wakakuta mahubiri. Hakuna aliyetuaga, si sisi walimu wala watoto.

Nilienda kuzichukua picha zangu mwenyewe. Zilikuwa stoo, zimeegemezwa kwenye feni mbovu, nyingine zimekanyagwa. Nikazifunga kwa kamba, nikarudi nazo kwenye basi nikiwa nimezipakata hadi Voi. Nikaziweka kwenye lile sanduku la mbao, nikalisukuma chini ya kitanda. Waliokuja kuziomba baadaye niliwafukuza wote: yule msichana wa chuo, wale wa maktaba, hata mwalimu mkuu aliyetaka kuzitundika darasani kwetu kulekule zilikotoka. Nilisema nazilinda. Baba yako aliniuliza, "Unazilinda na nani?" Nikamwambia alale.

Sikuwa nazilinda, Wakesho. Sikutaka kuziona. Na wewe ulipokuja na habari za kampuni, ukiwa na macho yanayong'aa, nilisikia tu yule kijana wa heshima akiniambia haraka kidogo. Nikaona wewe ndiye utakayeambiwa safari hii. Watakuambia watoto wa siku hizi wana simu, vidole vyao havingoji, na watakuwa na karatasi za kuthibitisha. Na wewe ni mtu wa "sawa," umekuwa mtu wa "sawa" tangu ile siku ya mahamri, na aliyekufundisha ni mimi. Hilo ndilo lililonifanya niwe mkali pale mlangoni. Kukukinga na kazi yako mwenyewe! Mtu mzima mimi.

Sitakwambia uwajibu nini. Mimi niliyajua majibu yote na hayakunisaidia. Ninachojua ni kwamba siku ile haikuja na pembe. Ilikuja na adabu, ikaniita Mwalimu, ikaniomba kitu kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kwa watu wabaya, na hakuja hata mmoja.

Sasa nifike pale ninapozunguka tangu nianze kuandika, maana chai imepoa na mkono unauma.

Leo ulipopanda gari la Maungu, nilirudi ndani nikasema basi, yaishe. Nampa. Nilikuwa nimeshaamua, Mungu ananiona. Nilitaka ukirudi uzikute zimefungwa vizuri kando ya begi lako, na nisiseme neno, nione tu uso wako. Nikapiga magoti, nikashika kamba ya sanduku, nikavuta kwa nguvu kwa sababu nakumbuka lilivyokuwa zito. Nikaanguka chali. Lilikuwa jepesi.

Mchwa, mama. Wameingia kwa ule ufa wa sakafu, wakapanda kwa ubao wa chini, wakala kila kitu. Juu kulionekana kuzima kabisa, yule ndovu na tangi lake, rangi zote zipo. Nilipomgusa akazama. Ilikuwa rangi tupu iliyobaki, nyembamba kama ganda la kitunguu, chini yake ni udongo. Mbuzi hayuko. Lori haliko. Za walimu wengine zilizochanganyika na zangu haziko pia, na hao sijui nitawaambia nini. Niliendelea kutoa udongo kwa viganja mpaka chini, nikitafuta hata kipande kimoja cha kukupa. Hakuna.

Nilicheka kwanza. Halafu nililia, na si kidogo, mpaka jirani akaita ukutani, "Mwalimu, kwema?" Nikampigia baba yako kule shambani. Akasema, "Si nilikuambia uliinue sanduku kwenye matofali?" Nilitaka kumtukana. Lakini aliniambia kweli, tena mara nyingi.

Kwa hivyo wiki nzima nimekunyima kitu ambacho sina. Nimekutazama ukinizunguka kwa adabu ndani ya nyumba hii, ukikunja nguo zako kimya kimya, nami nimekaa juu ya udongo najiona mlinzi.

Nikwambie kitu kingine, na hiki ndicho kigumu. Baada ya kuufagia ule udongo nilikaa kitandani nikawaza: si lazima ajue. Nikiendelea kukataa, ataondoka akidhani mama yake ni mkali na ana kiburi, jambo ambalo tayari analijua, na maisha yataendelea. Sanduku nalisukuma lilipokuwa. Ningebaki nimekataa, si nimepoteza. Nilitamani, sikufichi. Nilitamani kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukuandikia.

Kisha nikakuona kule Nairobi umesimama mbele ya watu wapya, unawaambia, "Mama amekataa," unanibebea lawama na unajaribu kunitetea kwa wakati mmoja. Hapana. Waambie zilikuwepo, na mwenyewe hakuzitoa mpaka zikaliwa. Sema hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo. Wakikasirika, wakasirike na mimi. Na ukiamua kuchora, usijaribu kunichorea zangu. Zile zilikuwa za watoto wa wakati ule, hata lile tangi la shule liling'olewa. Chora zako, na ukae nazo mezani muda unaoutaka wewe.

Nasikitika, Wakesho. Nasikitikia zile picha, lakini kwanza nakusikitikia wewe, pale langoni. Sikuwahi kukwambia. Nilikuonea, ukiwa mtoto, kwa sababu ya mkono uliopakwa poda.

Barua naiweka hapa mezani, chini ya kikombe, nami nitakuwa nyuma uani nachambua mchicha. Uisome. Halafu uje. Usinihurumie kwa sababu nimechoka au kwa sababu macho yamevimba, na usinijie na ile adabu yako. Njoo unigombeze. Una ya wiki hii na una ya miaka ishirini, na treni ni kesho. Yaseme yote, piga kelele, majirani waache wasikie, nitakaa nikusikilize mpaka umalize na sitakushika mkono kukutoa popote.

Ni mimi mama yako, niko uani.